Barabara ya Karungu na Timu Iliyozaliwa Ugenini

Matatu za Karungu hujazia Rodi Kopany, kwenye njia panda ya barabara itokayo Homa Bay kwenda Rongo. Yetu ilikuwa imepakia mikungu ya ndizi za Kisii juu ya paa, na ndani, kwenye kioo cha mbele, palining'inia kijibendera cha kijani na nyeupe. Hakuna abiria aliyehitaji kuelezwa. Katika pande hizi rangi hizo mbili zina mwenyewe, naye ni Gor Mahia, klabu ya Nairobi ambayo makao yake na makombe yake yote yako zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa.

Klabu hiyo ndiyo iliyonileta. Historia yake imesimuliwa mara nyingi kwa kuitazama kutoka Nairobi: nani alifunga, nani aliongoza, nani alitimuliwa. Mimi nilitaka kuitazama kutoka huku ziwani, katika nchi iliyotoa jina na kutoa watu. Naamini Gor Mahia haieleweki mpaka ujue kwamba ilianzishwa na watu waliokuwa mbali na kwao, wakiwa na shughuli nyingine kabisa mikononi, na mpira ukaingia humo humo.

Tulipoiacha Ndhiwa nyuma, mashamba ya miwa yalianza kupungua. Kulia kwetu ardhi iliinuka, halafu upande wa pili ikaporomoka kuelekea bonde la Lambwe, ilipo mbuga ya Ruma. Ukingo huo unaitwa Kanyamwa, sawa na watu wanaokaa juu yake. Mzee aliyeketi kando yangu, kofia yake ameipakata magotini, alinigusa bega. “Nyakwara,” akasema, yaani mjukuu wangu, “hapo unapopatazama ndiko kwa Gor.”

Gor wa Kanyamwa alikuwa mganga na mtu mwenye kauli nzito wakati Waingereza walipokuwa wakijikita Nyanza Kusini. Masimulizi juu yake ni mengi na kila ukoo una yake. Mzee wangu alinipa mawili matatu: jinsi askari wa serikali walivyokuja kumkamata wakakuta ajuza anaota jua, jinsi habari zilivyomfikia kabla ya mjumbe kufika, jinsi adui zake walivyolala na silaha mkononi na bado wakaamka wameshindwa. Aliyasimulia bila kuinua sauti, na kila alipomaliza moja alinyoosha kidole dirishani kunionyesha mahali lilipotokea.

Nimelifikiria sana jina hilo. Waliokutana Nairobi mwaka 1968 kuunganisha timu zao wangeweza kuchukua jina la mtaa, la mto au la mnyama mkali, kama wafanyavyo wengi. Walimchagua mtu wa kijijini ambaye, kwa imani ya bibi na babu zao, serikali ya kikoloni haikumpata ilipomtafuta. Kijana anayeishi chumba kimoja na wenzake wanne, anayeamshwa na king'ora cha karakana ya reli, ana sababu nzuri ya kumtaka mtu wa namna hiyo kifuani mwake.

Barabara iliteremka kuelekea ziwani. Kitovu cha Karungu leo ni mji mdogo wa Sori, wenye maduka, hoteli za ugali na samaki, na bichi ambako omena, dagaa wa ziwani, huanikwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Wanawake huwageuza kwa fagio za njiti, na harufu yake inakupokea kabla hujashuka garini. Ghuba ni pana na maji yake ya kijivu. Upande wa kusini, baada ya Muhuru, ni Tanzania.

Mtu asiyejua angedhani Karungu imekuwa pembezoni siku zote, kumbe hapa ndipo Waingereza walipoweka kituo chao cha mwanzo kwa ajili ya Nyanza Kusini, kabla ya kukihamishia Kisii mwaka 1907. Mwanajiolojia Felix Oswald alikaa hapa mwaka 1911 akichimba mifupa ya wanyama wa kale, katika nchi ambayo malale yalikuwa yameipukutisha watu. Septemba 1914 Wajerumani waliingia kutoka ng'ambo ya mpaka wakaikalia Karungu kwa muda, na vita vile vikawachukua vijana wa kando ya ziwa kwa maelfu wakawe wapagazi. Mtaa wa Kariokor mjini Nairobi umelibeba jina la kikosi hicho cha wapagazi hadi leo.

Malale na vita vilikuwa vya kupita. Kilichowatoa watu nyumbani mwaka baada ya mwaka ni kodi ya kibanda. Serikali ilitaka ilipwe kwa fedha, na fedha ilikuwa mahali pengine. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, kwa hiyo njia ya kuondoka ilikuwepo. Wakaenda kuchuma majani ya chai Kericho, kukata miwa Miwani na Muhoroni, kupakua meli bandarini Mombasa, kutengeneza injini na mabehewa Nairobi. Waliobaki karibu zaidi walishuka katika migodi ya Macalder, si mbali na Karungu. Nairobi waliwekwa katika nyumba za reli za Muthurwa na Makongeni, na baadaye Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, wenye ukumbi wake katikati.

Sasa hebu tulitazame jambo ambalo vitabu vya mpira hulipita haraka. Mjaluo akifia mjini lazima azikwe kwao. Hilo halikuwa na mjadala wakati huo na halina mjadala leo. Lakini mshahara wa kuli wa bandarini hauwezi kusafirisha jeneza kutoka Mombasa hadi Karungu. Basi watu waliotoka lokesheni moja, yaani kata moja ya kwao, walianza kuchangishana kila mwezi, wakateua mweka hazina, wakaandika majina daftarini. Mgeni akishuka kwenye treni alikuwa na mahali pa kulala kwa sababu ya daftari hilo. Vyama hivyo vidogo vikakusanyika chini ya Luo Union, na Luo Union ikawa na matawi katika miji ya Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1953 Jaramogi Oginga Odinga alichaguliwa kuwa ker, kiongozi wake mkuu, akazunguka katika matawi hayo akihimiza michango. Ukumbi wa Ofafa Memorial mjini Kisumu ulijengwa na chama hicho, kwa kumbukumbu ya Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Mtaa wa Ofafa Jericho mjini Nairobi pia una jina lake.

Chama hicho kilikuwa na ukali wake. Wanawake waliodhaniwa kuishi mjini kinyume cha matakwa ya wazee walikamatwa wakarudishwa makwao kwa nguvu, na fedha za nauli zikatoka katika michango ile ile iliyosafirisha wafu. Siwezi kukisifu kwa majeneza nikawanyamazia wanawake hao.

Mpira ulikuja kwa mlango huo huo. Watu wanaokutana kila Jumapili kuhesabu michango wana vijana, na vijana wanataka kucheza. Lokesheni zikawa na timu. Katika mitaa ya Nakawa na Naguru huko Kampala, ambako David Parkin alifanya utafiti wake miaka ya 1960, mashindano ya mpira baina ya lokesheni za Wajaluo yalikuwa sehemu ya maisha ya Luo Union kama vikao vyake. Timu yenyewe ya Luo Union iliyokuwa Nairobi ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1964, ligi ya taifa ikiwa katika mwaka wake wa pili tu. Waluhya nao walikuwa na Abaluhya United, iliyozaliwa mwaka huo huo kutokana na hali ile ile ya watu wa mbali waliokutana mjini, nayo ikachukua ubingwa wa 1966 na 1967.

Tarehe 17 Februari 1968 Luo Union iliungana na Luo Stars, timu iliyoitwa pia Luo Sports Club, na ikazaliwa Gor Mahia. Mwaka huo huo ikawa bingwa. Lakini tazama ulivyokuwa mwaka wenyewe. Jaramogi alikuwa ametoka chama tawala cha KANU tangu 1966 na kuunda chama cha upinzani cha KPU. Tom Mboya, mtu wa kisiwa cha Rusinga ambaye hutajwa miongoni mwa waliousukuma muungano huo, alikuwa waziri katika serikali ile ambayo Jaramogi aliipinga. Nyumba za Kaloleni ziligawanyika kati ya wanaume hao wawili. Uwanjani, kwenye Barabara ya Jogoo, walishangilia timu moja. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya alipigwa risasi Nairobi akafa, Oktoba watu waliuawa Kisumu, KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Gor ilikuwa haijatimiza miaka miwili.

Ng'ambo ya bahari kuna klabu iliyoanza hivyo pia. Mwaka 1887, katika ukumbi wa kanisa mashariki mwa mji wa Glasgow, mtawa aitwaye Walfrid alianzisha Celtic ili mapato ya mpira yawalishe watoto wa Waairishi maskini waliohamia Uskoti kutafuta kazi. Rangi zao nao ni kijani na nyeupe. Sisemi wa Nairobi waliiga wa Glasgow. Nasema tu kwamba mtu akitupwa na kazi mahali asikokuwa na mjomba wala shamba, hutafuta kwanza wa kumlisha na wa kumzika, na muda si mrefu atawataka hao hao wamshangilie.

Pale Sori nilikula samaki ngege wa kuchemsha katika hoteli inayotazama bichi, na mwenye hoteli, mama wa makamo, alinisikia nikiulizia mpira wa zamani. Alinielekeza kwa shemeji yake, mvuvi mstaafu anayeshona nyavu chini ya mti. Nilimsalimu, nikamwita jaduong', yaani mzee, akanisogezea kigoda. Hajawahi kuiona Gor ikicheza kwa macho yake hata mara moja. Aliisikia. Kulikuwa na redio chache kijijini, na siku ya mechi waliizunguka moja wakiwa wengi. Mtangazaji wa Sauti ya Kenya alikuwa Leonard Mambo Mbotela, mtu wa Mombasa aliyetoka katika ukoo wa watumwa waliokombolewa wa Frere Town. Mzee aliniambia Kiswahili chake cha kwanza alikijua kwa sababu ya sauti hiyo: pasi, kona, mlinda mlango, dakika za lala salama. Mbotela alifariki Februari 2025, na nilipomkumbusha mzee aliacha kushona kwa kitambo.

Kisha akaanza kutaja majina, na uzi ukaendelea kupita kwenye nyavu huku anataja. William Ouma waliyemwita Chege. Allan Thigo wa dakika tisini. James Siang'a golini, yule ambaye baadaye alikuwa kocha wa Simba ya Dar es Salaam ilipowatoa Zamalek wa Misri mwaka 2003 na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mwaka 1976 Gor ilimaliza ligi bila kufungwa mechi hata moja. Mwaka 1979 ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika ikachapwa na Canon Yaoundé ya Kameruni, mbili bila Nairobi na sita bila Yaoundé. Hilo mzee alilitaja pia, kwa haraka.

Halafu mwaka 1980. Serikali ya Rais Moi iliagiza vyama vya kikabila vivunjwe na timu zibadili majina. Timu ya Luo Union, ambayo ilikuwa imefufuliwa, ikashinda ligi mwaka 1975 na klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, 1976 na 1977, ikageuka kuwa Re-Union na taratibu ikafifia. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Chama chenyewe cha Luo Union, kile cha majeneza na nauli, kikafungwa. Gor Mahia iliendelea kujulikana kwa jina lake, jina la mtu na si la kabila. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, klabu ilipobebeshwa mzigo usiokuwa wake peke yake. Ukumbi wa kukutania ulikuwa umefungwa, chama cha siasa kilikuwa kimepigwa marufuku, na mahali pekee ambapo maelfu wangeweza kuimba kwa Kijaluo mchana kweupe mjini Nairobi palikuwa jukwaani. Wanaolaumu vurugu za mashabiki wa miaka hiyo wana haki ya kulaumu, maana viti vilivunjwa na watu wakaumia. Lakini wakumbuke pia milango iliyokuwa imefungwa nje ya uwanja.

Ndani ya miaka hiyo migumu ndipo ilipocheza mpira wake bora kabisa. Klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati ilikuja 1980, 1981 na 1985. Mwaka 1987 ilirudi fainali ya Kombe la Washindi, safari hii dhidi ya Espérance ya Tunis. Mechi ya kwanza kule Tunis ilikwisha mbili mbili. Tarehe 5 Desemba zikarudiana Kasarani, uwanja uliokuwa umetumika Agosti ya mwaka huo kwa Michezo ya Afrika. Peter Dawo alifunga, wageni wakasawazisha, zikabaki moja moja hadi filimbi ya mwisho, na Gor ikatwaa kombe kwa mabao ya ugenini. Kocha alikuwa Jack Johnson, nahodha Austin Oduor, ambaye mashabiki walimwita Makamu. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuchukua kombe la bara hadi leo.

Nilimuuliza mzee walifanya nini usiku ule hapa Karungu. Alisema mashua hazikutoka. Watu wa omena walizileta karabai zao zote nchi kavu wakaziwasha, na ufuo ukawa mchana. Mama mwenye hoteli, aliyekuwa amekuja kutuletea chai, aliongeza kwamba alikuwa msichana wa shule na alicheza mpaka viatu vikakatika.

Uhamaji haukuishia Nairobi. Mdogo wake Makamu, Mike Okoth, alikwenda kucheza Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwanawe Divock Origi akazaliwa Ostend mwaka 1995, akaivalia timu ya taifa ya Ubelgiji na kuifungia Liverpool katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2019. Nyumbani klabu iliingia ukame. Baada ya ubingwa wa 1995 ilikaa miaka 18 bila mwingine, ikikosa mishahara na kugombana yenyewe kwa yenyewe, hadi 2013. Tangu hapo ilirudi kileleni, na mwaka 2024 ilifikisha mataji 21 ya ligi.

Katikati ya ukame huo kulitokea jambo ambalo nalipenda kuliko mataji mengi ya Nairobi. Mwaka 2006 SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, katika kaunti hii hii ya Migori, ilitwaa ubingwa wa Kenya. Kwa mara moja kazi na mpira vilikuwa mahali pamoja, na kijana wa pande hizi za Nyatike angeweza kwenda kumwona bingwa wa nchi na kurudi kulala kwao. Haikudumu. Msimu wa 2019/20 timu iliondolewa ligi kuu baada ya kushindwa kufika kwenye mechi, fedha zikiwa zimekauka.

Jioni jaduong' alinipa mjukuu wake anipeleke uwanjani. Ni kiwanja cha wazi kando ya bichi, magoli ya miti, ng'ombe wanakatiza. Ilikuwa mbalamwezi, na hilo lina maana yake: omena huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika, kwa hiyo ndipo mechi zao za maana hupangwa. Nilitazama wakicheza na kusikia wakiitana kwa Kijaluo, Kiswahili na lugha nyingine ambazo mjukuu alinitambulishia. Winga wa kushoto ni wa Rorya, Tanzania. Mabeki wawili ni wa Busia, walifuata samaki wakapata kazi katika mashua za wenyewe. Kipa ametoka Uganda. Wenyeji wa Karungu hasa, katika kikosi cha siku ile, walikuwa wachache.

Mapumziko yalipofika nahodha, kijana wa Busia mwenye mikono iliyochanjwa na kamba, alinionyesha daftari la timu alilolifunga kwenye mfuko wa plastiki lisilowe. Kila jina lina mstari wake, na kila mwezi wa omena kila mmoja hutoa kiasi. Kurasa za mwanzo zilikuwa za mpira, jezi na soda za refa. Ukurasa ulioandikwa msiba ulikuwa umejaa zaidi ya yote. Mwenzao mmoja alikuwa amezama wiki chache nyuma, na michango ilikuwa imekodi gari la kumpeleka kwao na kulipia waliomsindikiza. Nilimwambia kwamba hivi ndivyo ilivyoanza timu anayoishabikia, miaka mingi kabla hajazaliwa, katika vyumba vya reli. Akasema hakujua, ila ingeanzaje vingine?

Ukurasa wa mwisho ulikuwa mpya na majina machache tu: akiba ya nauli, ili Gor ikija kucheza Homa Bay katika uwanja mpya wa Raila Odinga, gari zima liondoke Sori alfajiri. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa kipa Mganda.